Nifanyeje ili maombi yangu ya kazi ya uhasibu yafike hatua ya usaili?

Mhitimu wa Iringa
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nilihitimu shahada ya uhasibu mwaka 2022, na tangu hapo nimekuwa nikiomba nafasi za Mhasibu Daraja la II kila Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali cha kuajiri watumishi wa umma, inapotoa tangazo, lakini sijaitwa hata kwenye usaili wa mchujo. Hivi karibuni mtu alinipigia simu akidai kuwa atalishughulikia jina langu iwapo nitamtumia shilingi laki tatu, na nyumbani wapo wanaonishauri nikope nimpe. Naomba mwenye kuzielewa taratibu anieleze ninakwama wapi.

Dada wa Vitabu
Pole sana, mdogo wangu. Fedha hiyo usiitoe kabisa, kwa sababu Sekretarieti haimtozi mwombaji ada yoyote. Hifadhi namba ya mtu huyo na utoe taarifa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa kupiga 113, ambayo ni simu ya bure.

Kuhusu kukwama kwako, nadhani jibu limo ndani ya swali lenyewe. Nafasi ya Mhasibu Daraja la II kwa kawaida humtaka mwombaji awe na CPA(T), yaani awe amefaulu mitihani ya uhasibu ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, ilhali mwenye shahada peke yake huangukia kada ya Afisa Hesabu Daraja la II. Majina ya kada hizi yanakaribiana mno, na inaniuma kuona vijana wenye uwezo wakienguliwa mwaka hadi mwaka kwa kuomba nafasi isiyo yao. Kabla ya kutuma ombi, soma kipengele cha sifa neno kwa neno. Wakati huohuo jiandikishe kwa mitihani ya NBAA, ambayo hufanyika Mei na Novemba, hata kama utaanza na masomo machache kulingana na uwezo wa mfuko wako.

Mzee wa Masijala
Dada amesema kweli, ila kagua na nyaraka zako. Cheti cha kidato cha nne kikisomeka Mwanahamisi na kitambulisho cha NIDA kikasomeka Mwanaamisi, herufi hiyo moja inatosha kukurudisha nyumbani siku ya uhakiki, hata kama umesafiri usiku kucha kwenda Dodoma. Tofauti kama hiyo irekebishwe mapema kwa kiapo, au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kadiri tangazo linavyoelekeza. Barua ya maombi isainiwe, na usiambatishe karatasi ya matokeo mahali panapotakiwa cheti.

Mkaguzi wa Ushirika
Mimi ningependa pia usiisubiri serikali peke yake. SACCOS, yaani vyama vya akiba na mikopo, na vyama vya ushirika vya mazao hukaguliwa hesabu zao, na vingi vinahitaji mtu anayeweza kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kisha akaeleza kila shilingi iliyopishana. Peleka barua kwa mkono, uombe kuonana na meneja, na umweleze kazi hiyo unaifanyaje. Ukikubaliwa, hata kwa mkataba wa muda mfupi, dai masharti ya ajira kwa maandishi, kwani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe, na maandishi hayo ndiyo utakayoyaonyesha baadaye utakapoulizwa uzoefu wako.