Mrejesho: dobi na mpishi chama kimoja

Ahsanteni jamani. Niliuliza kama mimi, dobi wa hoteli hapa Malindi, naweza kuwa chama kimoja cha wafanyakazi na wapishi. Kumbe chama cha KUDHEIHA kinabeba wote: wa hoteli, wa majumbani, wa shule, hata hospitali. Shangazi yangu ni yaya huko Casuarina, naye alishaingia zamani, wala hakuniambia!

Kazi ilikuwa kuwashawishi vibarua wa msimu wajiunge. Watalii wakiondoka nao huondoshwa, nani ajitie kiherehere? Na Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yataka wanachama wazidi nusu ya wafanyakazi ndipo mwajiri akitambue chama. Tulikwama 19 kati ya 41. Jana mabawabu wawili na mtunza bustani wametia saini, sasa tuko 22, tumevuka nusu. Meneja hanijibu salamu tena.