Mrejesho: Nimefika Natron bila kirikuu

Wakuu, niliwauliza nitafikishaje pikipiki yangu, Honda XL 125, kwenye vumbi la Ziwa Natron bila kukodi kirikuu (kipikapu kidogo cha mizigo) cha kuibeba. Mkasema niiendeshe tu, nikatii.

Nilitoka Arusha saa kumi na moja alfajiri. Lami mpaka Mto wa Mbu ndiyo iliyonichosha: matairi ya meno makubwa yanavuma, mikono inakufa ganzi. Hapo nikapunguza upepo wa matairi kutoka psi 28 hadi 18, yashike vizuri kwenye vumbi. Baada ya Engaruka, kwenye majivu laini ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, nikaanguka nayo, mkono wa klachi ukakatika. Aliyenishauri nibebe wa akiba, mkuu, soda yako ipo.

Kurudi nilijaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Jasho lake nalijua mwenyewe.