Ukoo wa Kyimbila: Land Rover ya Babu

*Alhamisi*

Dada Tusekile 06:41
Mwagonile ukoo mzima. Nakumbusha kwa mara nyingine. Fuso ya kubeba Land Rover ya Babu ni Jumamosi saa 2 asubuhi, kutoka Kyimbila mpaka gereji ya Mwanjelwa. Mchango elfu hamsini kila nyumba. Zimetoa nyumba tatu tu. Mvua ikishika Rungwe, gari kubwa halifiki kwenye lile banda.

Dada Tusekile 06:43
Mafundi wa rangi nimeshaongea nao, wanaanza Jumatatu.

Lusajo 07:15
Shikamoo Dada. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, ndiyo maana ukiitazama kwa mbali inaonekana nzima. Chasisi ni chuma, na ule ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni chuma. Kwa mvua za Tukuyu, kutu inaanzia huko.

Lusajo 07:19
Kabla ya senti moja kwenda kwenye rangi: nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chasisi yote, hasa boriti ya nyuma kabisa, sehemu springi zinaposhika, na mikono inayobeba bodi pembeni. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na ukichoma bisibisi inazama. Palipooza panakatwa mpaka kwenye chuma safi, kisha panachomelewa bati la mm 2. Bodi fila, ule udongo wa kuziba mashimo kabla ya rangi, kwenye chasisi ni kuficha maiti.

Gwakisa 07:22
Babu angesikia chasisi yake inapigwa nyundo tungelala nje wote 😂😂

Upendo Iringa 07:24
😂😂😂

Dada Tusekile 07:30
Tusitoke kwenye mada jamani. Mchango.

Upendo Iringa 09:02
📷 Picha
Kaka Lusajo hii iko Makambako nyuma ya gereji. Muuzaji anasema ni ya 1964 kama ya Babu, anauza nzima nzima kwa ajili ya spea.

Lusajo 09:20
Hiyo si ya 1964. Tazama grili, ni ya plastiki. Taa kubwa ziko kwenye mafenda. Na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva. Hiyo ni Series III, zilianza 1971. Ya Babu ni Series IIA: grili ya waya, taa zimebanana katikati karibu na grili, saa ziko katikati ya dashi. Hata ikipakwa rangi upya, hivyo vitatu vinakwambia ukweli ukiwa ng'ambo ya barabara.

Upendo Iringa 09:23
Kwa hiyo niiache?

Lusajo 09:31
Uliza bei ya milango peke yake, inaingia. Mafenda hapana, kwa sababu ya taa. Ule ukuta wa chuma unakaa kwenye chasisi ya Babu lakini dashi na mabano ya pedali hayafanani, utatengeneza kazi nyingine. Gia boksi usishawishike nayo. Ya Series III ina sinkronaiza, kile kinachofanya gia iingie bila kukwaruza, kwenye gia zote nne za mbele, ya Babu ni ya tatu na ya nne tu, na klachi zake hazifungwi sawa.

Gwakisa 09:40
Ndiyo maana Babu akiingiza gia ya pili kijiji kizima kinajua amefika

Lusajo 09:44
Hiyo inaitwa kukanyaga klachi mara mbili Gwakisa, na ukishaijua gia hiyo haina kelele. Babu alikuwa anaijua vizuri.

Dada Tusekile 12:10
Fuso nimeshatoa kishika uchumba. Nani anakwenda Kyimbila Ijumaa kulifungulia banda? Na injini inawaka au tunavuta na trekta kulipandisha?

Lusajo 12:26
MSIVUTE IKIWA KWENYE GIA. Injini imejam. Ringi zimeshikwa na kutu ndani ya silinda, ukiilazimisha kwa trekta zinavunjika na pistoni inakwaruza silinda. Kazi ya wiki moja inageuka kufungua injini nzima.

Lusajo 12:38
Namna ya kuifungua: toa plagi zote nne. Changanya ATF, yale mafuta ya gia boksi za otomatiki, na dizeli, nusu kwa nusu. Mimina vijiko vitatu vya chakula kila silinda. Ongeza kidogo kila siku ya pili, siku saba au zaidi. Baada ya hapo weka hendeli ya mbele, ile ya kuzungushia injini kwa mkono, sukuma mbele kidogo, rudisha nyuma kidogo. Ikigoma, ongeza mchanganyiko, subiri. Ikikubali, funika matundu ya plagi kwa matambara na uizungushe mizunguko mingi mpaka yale mafuta yatoke yote. Ukirudisha plagi mafuta yakiwa bado ndani, pistoni haina pa kwenda na mkono wake unapinda. Mwaga oili ya zamani, weka mpya 20W-50, lita sita na kidogo. Ndipo tuzungumze kuwasha.

Shemeji Baraka 12:50
Betri N70 ninayo hapa Uyole, naweza kuitoa.

Lusajo 12:57
Asante Shemeji. Ila asiifunge mtu kwa mazoea ya Toyota. Za kabla ya 1967 chanya ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Fuata kwanza ule waya mnene wa chasisi uone unatoka ncha gani, maana huenda fundi alishageuza.

Upendo Iringa 13:05
Hendeli yenyewe iko wapi?

Dada Tusekile 13:06
Swali zuri.

Gwakisa 13:08
🤐

Dada Tusekile 13:15
Hendeli ilikwenda Chimala pamoja na kabureta, na kila mtu humu anajua ilikwendaje. @Bamdogo Ambakisye tunaomba jibu.

Bamdogo Ambakisye 16:48
Shikamooni wakubwa. Tusekile, habari za Chimala tulizimaliza mbele ya Bibi. Kabureta nilipewa. Sikuchukua.

Dada Tusekile 16:50
Bamdogo shikamoo. Hakuna aliyesema umechukua. Tunauliza iko wapi.

Lusajo 17:02
Bamdogo shikamoo. Kama kabureta ni Zenith, usiitupe hata ikiwa mbovu. Inapinda pale vipande viwili vinapokutana, halafu injini haitulii gari likiwa limesimama. Inasuguliwa kwenye kioo chenye msasa mpaka inyooke, na mpira wa duara wa ndani unabadilishwa. Hendeli ndiyo ya haraka.

Gwakisa 17:05
Nje ya mada, Simba leo saa ngapi?

Shemeji Baraka 17:05
Saa 1 usiku

Upendo Iringa 17:06
Jamani 😂

Baba Mkubwa 19:31
Mwagonile wanangu. Nimesoma yote. Kadi ya gari ina jina la Babu yenu, na mirathi haijafungwa. Kadi ninayo mimi. Gari halitoki Kyimbila kabla hatujakaa. Na lile gari ni la kijivu, juu jeupe la maziwa. Litabaki hivyo.

Bamdogo Ambakisye 19:58
Sawa Kaka.

Shemeji Baraka 20:10
Sawa Baba Mkubwa.

Dada Tusekile 21:27
Shikamoo Baba Mkubwa. Tumekusikia. Mwenye Fuso harudishi hela.

*Ijumaa*

Lusajo 06:20
Shikamoo Baba Mkubwa. Kwa ruhusa yako, kuna kazi zinafanyika bandani gari lisitoke: kupima chasisi kwa nyundo, kumimina ATF, kuliinua juu ya magogo matairi yasiguse udongo, na kumwaga petroli ya zamani kwenye tengi lililo chini ya kiti cha dereva. Breki pia. Silinda za magurudumu zimeganda, na hata lingewaka leo, mteremko wa Igawilo hauingiliwi bila breki mpya za magurudumu yote manne.

Baba Mkubwa 07:44
Hayo fanyeni. Ndaga, asanteni.

Dada Tusekile 07:46
Ndaga fijo Baba Mkubwa. Kwa hiyo Fuso niisogeze Jumamosi ijayo au niiache kabisa? Kikao ni lini?

Dada Tusekile 10:15
Jamani?

Upendo Iringa 11:30
Muuzaji wa Makambako anasema milango miwili laki moja na nusu.

Lusajo 11:41
Funika sumaku kwa kitambaa chembamba uipitishe mlangoni. Paneli ya nje ni aluminiamu, sumaku haishiki. Ikishika, wameziba bati. Halafu tazama kingo za chini, aluminiamu inapogusana na fremu ya chuma inaota unga mweupe. Ukiwa mwingi, shusha bei.

Shangazi Stella 14:02
Samahanini, simu haikuwa na chaji. Mchango ni namba ileile?

Dada Tusekile 14:03
Ileile Shangazi. Shikamoo.

Lusajo 14:20
Anayepanda Kyimbila kesho abebe lita moja ya ATF, spana ya plagi na magogo manne ya unene mmoja. @Bamdogo Ambakisye na hendeli, tafadhali.