Naomba ushauri: babu alilazimika, alilazimishwa au alihamishwa kwa shuruti?

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Naandika historia ya ukoo wetu, na nimefika 1974, Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya Tanzania ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja, ilipomtoa babu kwenye shamba lake. Nilianza na "alilazimika kuhama", lakini haitoshi. Hata ukame humlazimu mtu kuhama. "Alilazimishwa" angalau inaonyesha mkono wa mtu. "Shingo upande" nimeiacha kabisa, maana anayekubali shingo upande bado amekubali, na babu hakukubali.

Naomba kujua: je, "kwa shuruti" ina uzito kuliko "kwa lazima"? Na "bila hiari" yamfaa mtu aliyepakiwa kwenye lori, au ni ya mambo ya mwili, kama kupiga chafya?

Natanguliza shukrani.