Fidia ya kifo barabarani: familia ianzie wapi?

Swali: Poleni wote. Baba wa watoto watatu aligongwa na lori karibu na Salgaa, Kenya, wiki tano sasa. Mjane afungue kesi, au asubiri kesi ya trafiki iishe?

Mwanasheria, Kisumu: Asisubiri, dada. Kesi ya fidia ni ya madai, inajitegemea, na ina miaka 3 tu tangu kifo. Kwanza achukue abstrakti ya polisi (hati fupi ya kituo yenye maelezo ya ajali), ripoti ya upasuaji wa maiti, cheti cha kifo na barua ya chifu. Kisha aombe mahakamani hati ya usimamizi ya kuendesha kesi, ile ya ad litem. Kesi nyingi za haki hufia hapo: zinafunguliwa kwanza, hati inatafutwa baadaye, na madai ya mirathi yanatupwa.

Karani wa mahakama: Akague abstrakti pale pale kituoni. Herufi moja ya nambari ya gari ikikosewa, utafutaji NTSA, mamlaka ya usafiri inayosajili magari, unaleta mwenye gari mwingine kabisa. Kampuni ya bima ya lori nayo ipewe notisi kabla ya kesi au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa.

Muuliza: Na pesa hukadiriwaje?

Mwanasheria, Kisumu: Mapato ya mwezi ya marehemu × 12 × miaka ambayo angeendelea kufanya kazi × 2/3, yaani sehemu aliyotumia kwa familia. Mfano: Sh20,000 × 12 × 15 × 2/3 = Sh2,400,000. Wategemezi ni mke au mume, watoto na wazazi, ndugu hahesabiwi. Tunzeni risiti za mochari na jeneza, zinadaiwa pia.