Wakala kanitoza nafasi ya kreti, kreti akaitupa, utrasaundi yangu akailaza chini ya matairi

Wakuu, mods naomba msiunganishe uzi huu na zile nyuzi za kuagiza magari.

Nina kazahanati kangu Morogoro. Mwaka jana nilinunua mashine ya utrasaundi iliyotumika, Hamburg, euro 7,800 na probu mbili (vile vichwa vinavyopitishwa juu ya ngozi ya mgonjwa). Nikamlipa fundi wa kulekule aiundie kreti ya mbao zenye mhuri wa HT (zimepashwa joto kuua wadudu), sponji ndani, kila probu na kisanduku chake. Nje akabandika kile kibandiko cha mshtuko, chenye kijimrija kinachogeuka chekundu mzigo ukipigwa chini. Kreti ikafika CBM 1.6, yaani mita za ujazo, na wakala wa kusafirisha mizigo (Mbongo mwenzetu, ndipo panapouma) akanitoza CBM 1.6 kamili.

Kontena linafunguliwa Dar, kreti hakuna! Mashine imelala ubavu, imeviringishwa blanketi, juu yake matairi manne na magodoro. Kumbe kreti waliivunja hukohuko Hamburg "ili mzigo ukae vizuri". Yaani nimelipia hewa, halafu hewa hiyohiyo wakamuuzia mtu wa magodoro.

Na kabla ya hapo mzigo ulikwama siku tisa. Kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) nilikuwa nacho hata meli haijang'oa nanga, nikamtumia wakala WhatsApp, tiki mbili za bluu. Kwenye manifesti, ile orodha ya mizigo ya meli, akaandika "vyombo vya nyumbani". Sasa afisa ana kibali cha mashine ya hospitali mkononi, karatasi ya mzigo inamwambia sufuria, wewe ungeruhusu? Storeji nikalipa mimi.

Tumeiwasha, ikawaka. Nikajipaka jeli mkononi, nikaweka probu ya tumbo: michirizi mitatu myeusi kutoka juu ya skrini hadi chini. Fuwele za ndani ya probu zimekufa, na hizo si za kupeleka kwa fundi redio. Mama mjamzito akilala pale, mtoto ataonekana kama yuko nyuma ya nondo za dirisha.

Nimemdai, ananisomea maandishi ya nyuma ya BL (hati ya mzigo wa meli): kanuni za Hague-Visby za usafirishaji wa baharini, fidia ni SDR 666.67 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa furushi au SDR 2 kwa kilo, kinachozidi ndicho kinacholipwa. Mashine ina kilo 90, pigeni hesabu wenyewe, haifiki hata dola elfu moja. Eti ningekata bima. Bima nilimlipa YEYE! Cheti chake naomba wiki ya tatu sasa.

Kwenye kupokea, kijana wao aling'ang'ania nisaini kwanza ndipo foku (forklift) ishushe mzigo. Nilisaini, ila pembeni nikaandika kwa peni "kreti haipo, mashine imelazwa", nikapiga picha ile karatasi. Bila hivyo nisingekuwa na pa kushika.

Kuna aliyewahi kumbana wakala wa namna hii akalipwa? Alianzia wapi, mwanasheria au polisi? Na mwenye kujua wanakouza probu ya tumbo iliyopimwa, anicheki PM.

Na wewe wakala, najua humu unapita. Kreti yangu iko wapi?