Mnaokata dansi za filamu za zamani na kubandika muziki wenu, mnatuharibia!

Wakuu, sisi tunaotafuta majina ya wacheza dansi wa nyuma kwenye filamu za zamani tunapata tabu, na leo sina lugha ya upole.

Kuna watu wanachukua vipande vya dansi kutoka filamu za zamani, wanafuta sauti, wanabandika biti la wiki hii, kisha wanaikata picha isimame wima ijae kwenye simu. Nani kawaambia filamu ilikuwa na kasoro? Halafu kwenye maoni maswali ni yale yale: "wimbo gani huu?", "nani huyo dada wa kushoto?" Wimbo umeufuta mwenyewe. Dada wa kushoto umemkata, kabaki kiwiko.

Jana nimekutana na ile dansi ya "Diamonds Are a Girl's Best Friend" kutoka Gentlemen Prefer Blondes ya 1953. Marilyn Monroe na gauni lake la pinki, katikati, anang'aa. Pembeni hakuna mtu! Sasa wale vijana wa suti nyeusi ndio utamu wenyewe kwa sisi tunaowinda sura. Mmoja wao ni George Chakiris, wakati huo mcheza dansi wa nyuma tu. Mwaka uliofuata yumo kwenye White Christmas, nyuma ya Rosemary Clooney, bado ni wa nyuma. Ikaja West Side Story ya 1961, akabeba Oscar. Ukitaka kumwona kabla hajawa mtu, macho yako yawe kwenye kingo za picha, na hizo kingo ndizo mnazitupa.

Tupige hesabu kidogo. Viva Las Vegas ya 1964 ni picha pana, upana wake ni mara 2.35 ya kimo. Ukiigeuza iwe wima kwa kipimo cha simu, unabakiza kama robo ya upana. Robo! Elvis na Ann-Margret watabanana humo. Teri Garr, aliyekuwa mmoja wa wacheza dansi wa filamu ile na baadaye akateuliwa kuwania Oscar kwa Tootsie, utamtafuta wapi?

Na msiniambie tukasome majina mwishoni mwa filamu. Majina gani? Enzi zile wacheza dansi wa kundi wengi hawakuandikwa kabisa. Tazama Hellzapoppin' ya 1941, ile dansi ya kurushana ambayo mpaka leo watu wanaiangalia midomo wazi. Wanaocheza ni kundi la Whitey's Lindy Hoppers, wakiwemo Frankie Manning na Norma Miller, lakini filamu imewaita Harlem Congeroo Dancers, basi, imepita. Manning akaenda kufanya kazi posta miaka na miaka, ndipo mwaka 1989 akapata Tony, tuzo ya maonyesho ya jukwaani Marekani, kwa kutunga dansi. Mtu kama huyo unamtambua kwa mguu wake na anavyogeuka. Ukimkata mguu umemmaliza.

Muziki sasa. Nyimbo za filamu kwa kawaida hurekodiwa kwanza, halafu wachezaji wanacheza huku unapigwa kwenye seti, ndiyo maana hatua na ngoma vinakwenda pamoja. Mmoja kachukua "Jaan Pehechan Ho" ya Gumnaam, filamu ya Kihindi ya 1965, kaiwekea biti lake. Laxmi Chhaya anatikisa kichwa nywele zinaruka, ngoma inadunda kwingine kabisa, utadhani dada wa watu kapagawa. Tena kavaa barakoa ya macho, kwa hiyo sauti ndiyo ingekuongoza: Mohammed Rafi anaimba, muziki wa Shankar-Jaikishan, ukishajua wimbo unaipata filamu, ukiipata filamu unampata mchezaji. Sauti haipo, basi kila mtu anapiga ramli. "Helen huyo!" Helen, mcheza dansi maarufu wa filamu za Kihindi, yumo kwenye filamu hiyo, kweli, ila anayecheza pale si yeye. Mwingine kaisikilizisha programu ya kutambua nyimbo, ikamletea biti la juzi, naye akaja kifua mbele kutufundisha kwamba wimbo "umerudiwa".

Mnajitetea eti sauti inafutwa kwa kuogopa hakimiliki. Kwani picha haina mwenyewe? Haya, futa sauti, lakini andika jina la filamu na mwaka. Hilo nalo linahitaji kikao?

Mwenye ukurasa mmoja nilimwuliza kistaarabu kabisa ile dansi kaitoa filamu gani. Jibu: "wewe enjoi tu, maswali ya nini." Nikauliza tena, nikalambwa bloku.

Mwenye kile kipande cha Monroe kikiwa kizima, na sauti yake, akiweke hapa. Na mkija na "huyu ni fulani", semeni ni dakika ya ngapi na kasimama wa ngapi kutoka kushoto. Msije na "namfananisha".